Kombe wa mlango wa Rufiji: wamevunwa mno, au wameuawa na maji ya mto?

Swali, kutoka Iringa

Ndugu zangu, ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanafahamu kwamba maji ya Ruaha Mdogo, unaopita hapa mjini, huingia Ruaha Mkuu na hatimaye hufika delta ya Rufiji. Katika kuwaeleza maisha ya huko nilitumia mfano wa kombe, viumbe wa baharini wenye magamba mawili, ambao akina mama wa pwani huwaokota bahari inapokupwa. Kombe wakipungua katika fungu fulani la mchanga au tope, mtafiti hutambuaje kama sababu ni uvunaji au ni maji ya mto?

Jibu, kutoka Mbeya

Mwalimu, idadi peke yake haitakujibu. Pima ukubwa pia. Wakati wa bamvua, yaani bahari inapokupwa zaidi na fungu kuwa wazi, mtafiti huweka fremu ya mraba kila baada ya hatua kadhaa kutoka ufukoni kuelekea majini, huchimbua kombe wote waliomo, huwapima urefu mmoja mmoja na kuwarudisha, kisha hurudia kazi hiyo kila mwezi. Wavunaji huchagua wakubwa. Kwa hiyo palipojaa wadogo na wakubwa wakawa adimu, shuku uvunaji. Wakubwa wakiwapo bila wadogo, kizazi kipya hakikutua au kilikufa mapema.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni magamba matupu. Maji ya masika yanapopunguza chumvi, kombe hujifunga na kustahimili kwa muda, lakini hali ikidumu hufia pale pale alipo, na magamba yake mawili hubaki topeni yakiwa yameshikana kwa bawaba. Aliyevunwa, magamba yake utayakuta kwenye lundo karibu na jiko.

Jibu, kutoka Makambako

Naomba msihesabu mistari ya gamba kama miaka ya umri wa kombe. Katika nchi za joto mistari hiyo yaweza kutokana na mvua au na kutaga mayai.

Jibu, kutoka Iringa

Mwalimu mwenzangu, sababu hizo mbili huweza kusaidiana. Kombe hutoa mayai na mbegu za kiume majini, wala hawezi kumfuata mwenzake. Wakubwa wakivunwa hadi kutawanyika mbalimbali, mayai mengi hayarutubishwi, na masika mabaya yakifuata hapabaki wa kuziba pengo. Tena lava, yaani kombe wachanga waliotoka kwenye mayai, huelea majini kabla ya kutua, hivyo fungu moja laweza kutegemea wazazi wa fungu jingine.

Kuhusu mto, tusiitupie Ruaha lawama yote. Ni kweli kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na bwawa la Mtera linazuia maji yake tangu 1980. Lakini sehemu kubwa zaidi ya maji ya Rufiji huletwa na mto mwingine, Kilombero. Kwa hiyo chumvi ipimwe pale pale kwenye fungu, siku ile ile ya kuhesabu.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Tutaanza kwa kujifunza kutumia fremu kwa kuhesabu konokono wa ukingoni mwa Ruaha Mdogo. Je, fremu ya nusu mita kila upande inafaa?

Jibu, kutoka Mbeya

Inafaa, Mwalimu, mradi fremu ziwe nyingi, na mahali pa kuziweka msipachague kwa sababu mmeona konokono.