Mjadala: Ugeni mtaani kwako mwenyewe, tulaumu barabara, kuta au wakazi?

Hoja iliyopo mezani: mtu anakaa miaka kumi katika nyumba yake pembezoni mwa mji na hajui jina la anayeishi mkabala naye. Mtaa ulijengwa vibaya, au watu wamejifungia wenyewe?

Mpangamiji: Tuanze na magari. Donald Appleyard, mtafiti wa mipango miji, alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco, Marekani, na matokeo yakachapishwa 1972. Penye magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki 3.0 na watu wa kujuana nao 6.3. Penye magari 16,000, marafiki 0.9 na wa kujuana nao 3.1. Kelele humwondoa mtu barazani, mtoto huitwa ndani, na wa ng'ambo ya barabara hubaki sura tu. Wala msidanganyike na tuta moja. Dereva hulivuka polepole kisha hukanyaga mafuta kufidia, kelele zikazidi. Yanatakiwa matuta yanayofuatana, ili kati ya moja na jingine asipate nafasi ya kuchanganya mwendo.

Mpangaji (wa nyumba): Ndugu, mtaa ule wa magari mengi ulijaa wapangaji, na watoto walikuwa wachache. Utajuaje kama ni magari yaliyowatenganisha, au wenye familia hawakukaa pale tangu mwanzo? Halafu kuna watu wanaotaka utulivu. Kujulikana mtaa mzima ni pamoja na kuhesabiwa wageni wako na saa walizoondoka.

Fundi ujenzi: Kusalimiwa si kuchunguzwa, na vipimo vya nyumba vinaweza kuvitenganisha. Ukuta wa mbele wa mita 1 hadi 1.2 humficha aliyeketi kwa sehemu kubwa, lakini aliyesimama anaonekana na kusalimiwa. Ukifika mita 2.5 na geti lisilo na upenyo, gari linaingia, geti linafungwa, na mguu wa mwenye nyumba haukugusa njia siku nzima. Hapo hata salamu haina pa kupita. Si lazima kubomoa: kata theluthi ya juu ya geti, weka nondo. Baraza nayo isipungue kina cha mita 1.8. Chini ya hapo viti viwili na meza ndogo havikai, itageuka stoo ya viatu.

Mpangaji: Na mwizi?

Fundi ujenzi: Ukuta mrefu humficha pia akishaingia. Jirani hawezi kuona kitu.

Mratibu wa mtaa: Nyote mnaongelea mawe. Watu huzoeana kwa kukutana mara kwa mara bila kupanga. Utafiti wa mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake, 1950, katika makazi ya wanafunzi waliooa wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, ulionesha hilo: waliopakana milango walitajana kuwa marafiki kwa asilimia 41, wa ncha mbili za ghorofa moja asilimia 10. Kweli, zote zilikuwa familia za wanafunzi, kwa hiyo penye watu wa kila aina ukaribu peke yake hautoshi. Ndiyo maana napendekeza kufunga kipande cha barabara kwa saa mbili, mara moja kwa mwezi. Ombeni kibali cha mamlaka ya barabara. Wiki tatu kabla, pelekeni barua ya karatasi kila mlango, maana kundi la WhatsApp huwaacha wapangaji wapya na wazee. Kila ncha wawekeni watu wawili wenye vizibao vya kung'aa. Kizuizi kisicho na mtu, dereva hushuka akakisogeza. Gari la mkazi lipite kwa mwendo wa miguu, msimamizi akitangulia. Msianze na hotuba wala michango ya pesa. Wekeni chaki, mpira na viti, basi.

Mpangaji: Nakubali kwa sharti moja: barua iseme kwamba asiyetoka hatagongewa mlango.

Mratibu wa mtaa: Dai la haki. Litakuwa mstari wa kwanza, na chini yake saa ya kumaliza.