MREJESHO: Majukumu yangu ya PEPMIS yaliyokwama kwa msimamizi

Wakuu, mimi ni yule afisa ugani wa kata mkoani Iringa niliyelalamika kuwa majukumu yangu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, yamekaa wiki mbili bila kuidhinishwa, nikadhani bosi ananikomoa. Kumbe wala! Nilikuwa nimemchagua msimamizi wa zamani, aliyeshahamia Njombe. Aliyeniambia hapa nikague jina la msimamizi kabla ya kugombana, Mungu akubariki. Afisa utumishi alinielekeza, nikarekebisha nikiwa kilimani nyuma ya ghala la mahindi, ndiko mtandao unakoshika, baridi ya Juni ikining'ata vidole. Jioni ile ile bosi akaidhinisha. Enzi za OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji kwa fomu za karatasi, fomu ililala kabatini tu, hakuna aliyeisumbua. Sasa kilichobaki ni kumwomba radhi, maana nilishamnunia hadi salamu nikakata.