Mdogo wangu aliligonga gari akiwa kwenye boda. Amepona, ila barabarani mikono inakakamaa. Aanzie wapi?

Kaka_wa_Pasua

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaojua pikipiki na wanaofundisha watu kuendesha.

Mdogo wangu ni bodaboda hapa Moshi mjini. Chombo ni cc 150, breki za ngoma mbele na nyuma. Miezi mitatu iliyopita gari dogo lilitoka barabara ya pembeni likamkatia, akalivaa ubavuni. Alivunjika mtulinga. Mfupa umeunga na daktari amemruhusu kuendesha.

Shida ni hii: akiona gari limesimama kwenye makutano anakanyaga breki ya mguu kwa nguvu mpaka tairi la nyuma linaburuza. Mabega juu, mikono migumu. Kona za kushuka Kibosho anazipiga kwa gia namba moja. Halafu anasema chombo kinamvuta kushoto, wakati mimi naona ni woga. Mwenye chombo anataka hesabu yake ya kila siku ianze wiki ijayo. Tumsukume tu aingie barabarani azoee, au kuna utaratibu?

Fundi_Njiro

Mkuu, usiuite woga kabla hujakikagua chombo. Pikipiki iliyogonga kwa mbele mara nyingi inavuta kweli, na dereva anaisikia kabla ya fundi kuiona. Ukimwambia "ni akili yako tu" unamfundisha asiamini mwili wake, na mwili ndio unaoendesha.

Anza na usukani. Weka stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili tairi la mbele lielee. Sukuma usukani kwa kidole kimoja, taratibu, kutoka kushoto hadi kulia. Usukani ukinasa pale katikati, gololi za shingo ya usukani zimetoboa vishimo kwenye bakuli zinamozungukia wakati wa kugonga. Chombo cha namna hiyo hakiendi mnyoofu, kinatangatanga na kumlazimisha dereva kukibana muda wote. Hapo hakuna kukaza, badilisha bakuli na gololi zote, za juu na za chini.

Kisha simama mbele ya pikipiki, bana tairi kwa magoti, tazama kama usukani umelingana nalo. Ukiwa umepinda, huenda shokapu zimejizungusha tu kwenye vishikio vyake: legeza boliti za vishikio na nati ya ekseli, nyoosha, kaza tena. Lakini kama bomba lenyewe la shokapu limepinda, lichomoe na ulibingirishe juu ya kioo. Likirukaruka, nunua jingine. Bomba lililonyooshwa kwa jeki linakula sili na kuvuja mafuta, na siku moja litapinda tena pale pale.

Nyuma, hakikisha alama za kurekebishia cheni zinalingana kulia na kushoto. Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati. Upepo: pikipiki nyingi za saizi hiyo hutaka karibu psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukipakia. Thibitisha kwenye kitabu chake.

Breki za ngoma zilizokaa miezi mitatu hushika kutu, ukigusa zinanyaka ghafla. Fungua, piga msasa ngoma na viatu vya breki, paka grisi kidogo sana kwenye kamu (kipande kinachovisukuma viatu), angalia isifike kwenye viatu. Na kofia aliyoanguka nayo aiache kabisa hata kama nje haina ufa, maana povu la ndani likishabonyea halirudi.

Mkufunzi_AR

Fundi amemaliza upande wa chuma. Naongezea upande wa mikono na macho.

Kuburuza tairi la nyuma kuna sababu yake. Mtu akishtuka, mguu unawahi. Lakini ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na tairi lake linajifunga kirahisi. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kama asilimia 70 hivi. Kijana wako anasimamisha chombo kwa ile breki dhaifu, hakisimami anavyotaka, na woga unazidi. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu.

Tafuteni kipande cha lami kisicho na magari. Weka chupa ya maji kama alama. Aje kwa kilomita 20 kwa saa, aachie mafuta, asimame kwa breki ya mbele peke yake, usukani ukiwa umenyooka. Mkono ukamue kama anakamua ndimu: kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi. Asinyakue. Akisimama safi mara kumi mfululizo, aongeze ya mguu. Ndipo apande 30, halafu 40. Tairi la mbele likianza kuteleza, aachie papo hapo na akamue upya. La nyuma likiburuza, alegeze mguu huku macho yakiwa mbali. Kwenye vumbi na kokoto mbinu ni ile ile, ila mbele kwa ulaini zaidi, nyuma isaidie zaidi kuliko kwenye lami.

Mikono migumu: abane tangi kwa magoti, viwiko vipinde. Kwenye mnyoofu, mwendo wa 20, apepee viwiko juu na chini. Usukani ukitikisika, bado ameushikilia badala ya kuuongoza.

Sasa makutano. Kumwambia "usiogope" hakumpi cha kufanya. Mpe kazi. Akiliona gari pembeni: aachie mafuta, vidole viwili juu ya breki ya mbele, ahame kidogo kuelekea katikati ya njia yake kama gari liko kushoto, ili aonekane na apate nafasi. Aangalie tairi la mbele la gari hilo, siyo uso wa dereva. Dereva anaweza kukutazama na asikuone, lakini tairi likianza kuzunguka halifichi. Na ajue hesabu ya umbali: mwendo wa 40 ni mita 11 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kisha mita 10 hivi za breki nzuri kwenye lami kavu, jumla kama 21. Mwendo wa 50 inafika 30. Apime kwa hatua pale kwenye mazoezi, aione kwa macho yake. Taa ya mbele iwake mchana kutwa.

Kuhusu Kibosho, gia ya kwanza kwenye mteremko ni hatari yenyewe: injini inavuta nyuma kwa nguvu, na kwenye udongo mwekundu uliolowa tairi linateleza bila hata breki. Apunguze kabla ya kona, aingie na namba mbili, mafuta kidogo yasiyokatika, macho yatazame pale anapotokea. Ukikodolea korongo, utaelekea korongoni.

Mama_Rau

Kaka pole sana, na mdogo wako mpe pole. Mimi naomba kupishana kidogo na mkufunzi. Asisubiri mpaka kila zoezi liwe safi ndiyo aingie njiani. Akikaa muda mrefu mbali na barabara, hofu inajijenga. Ajipangie ngazi fupi fupi na asigeuze pale hofu inapopanda. Asimame pembeni palipo salama, avute pumzi, aitoe polepole kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, moyo ushuke, ndipo aendelee. Akigeuza kila mara moyo ukiwa juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomponya.

Pombe ya kujipa moyo hapana, na kama bado anameza dawa kali za maumivu kama tramadol, asiendeshe kabisa. Muulize pia kwa upole usiku analalaje. Ndoto za ajali, picha yake kumrudia mchana, kushtuka kwa kila honi: hayo yakipita mwezi mmoja siyo udhaifu na hayataki kukemewa. Aende kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Mawenzi au KCMC.

Mwenye chombo aombwe hesabu pungufu kwa wiki mbili. Akigoma, afadhali asubiri. Mwenye deni la jioni hapunguzi mwendo kwenye makutano.

Kaka_wa_Pasua

Asanteni sana. Tumefanya jaribio la kidole, usukani unanasa katikati kabisa. Bakuli na gololi zinabadilishwa kesho. Je, baada ya mazoezi aanze na njia zipi hapa Moshi? Na abiria lini?

Mkufunzi_AR

Jumapili asubuhi na mapema, mitaa ya Shanty Town: lami, nafasi, magari machache, makutano mengi ya kujizoeza ile kazi ya vidole viwili. Kisha kuelekea Rau siku ya kazi, baada ya saa tatu wanafunzi wakishaingia. Halafu vipilefti vya mjini. Barabara kuu ya Boma Ng'ombe na ya Himo ziwe za mwisho, maana lori likikupita upepo wake unakusukuma kisha unakuvuta, na mkono uliokakamaa unaupeleka msukumo huo wote kwenye usukani. Pale alipogongea, aende kwanza kwa miguu, akae robo saa akiangalia magari yanavyotoka. Siku nyingine apite na mwenzake mbele.

Abiria aje baada ya breki kuwa sawa na mzigo. Afunge gunia la mchanga la kilo 20 hivi, arudie zoezi la chupa. Kisha mtu anayemfahamu na anayetulia nyuma. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, asiiguse.

Fundi_Njiro

Bakuli mpya hujikalia zaidi baada ya siku chache za kutembea. Ukisikia kugonga usukanini ukifunga breki ya mbele, mrudishie fundi akaze tena. Kipimo cha kukaza: tairi likiwa juu, usukani uanguke wenyewe pande zote mbili, na ukivuta shokapu mbele na nyuma usisikie mchezo.