Mtoto anajua 8 kutoa 3, akipewa fumbo la maembe anachemka. Shida iko wapi?

BabaNasra
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la tatu, kujumlisha na kutoa anapeta. Jana kaja na hesabu za mafumbo: "Juma ana maembe 8. Ana maembe 3 zaidi ya Asha. Asha ana maembe mangapi?" Kaandika 11, kapigwa kosa. Nikamwandikia 8 – 3, kajibu kabla sijaweka kalamu chini. Hivi kinachowashinda ni hesabu au ni nini?

Mama_Mbili
Wa kwangu hata hasomi. Anaokota namba mbili, ananigeukia: "Mama, hii ni ya kujumlisha au ya kutoa?"

MzeeWaKaunta
Enzi zetu mafumbo yalikuwa ya kufa mtu na tukatoboa. Shida ni walimu. Siku hizi ukifeli fomu foo unaambiwa nenda ualimu. Utavuna nini hapo?

TichaChaki
Umeanza. Nina miaka 14 darasani. La tatu B lina watoto 96, madawati 28. Daftari nasahihisha usiku kwa tochi ya simu. Njoo ushike chaki wiki moja tu, halafu urudi hapa na hizo "siku hizi" zako.

MzeeWaKaunta
Hujajibu hoja. Ulipata divisheni ngapi?

TichaChaki
Hoja gani? Hapo umeweka hoja au umetukana watu?

Ngosha74
Kaunta leo kavaa miwani ya mbao 😂. Huku kwetu Shinyanga vijijini kuna watoto wanaingia la kwanza na Kisukuma tu. Fumbo moja kwao ni mitihani miwili, Kiswahili kwanza, hesabu baadaye. Matokeo yakitoka mnasema kafeli hesabu.

KisimaMtwapa
Baba Nasra hajasema kwao ni Wasukuma. Mimi nalaumu hicho Kiswahili cha vitabuni. "Ana maembe 3 zaidi ya Asha", nyumbani nani huongea hivyo? Huku pwani tungesema "Juma amemzidi Asha maembe matatu", na mtoto angejua papo hapo nani mwenye machache.

Ngosha74
Haya, wenye lugha yao wamefika.

MzeeWaKaunta
Mnazunguka mbuyu. Swali halina utata wowote. Nane, halafu tatu zaidi, 11. Mtoto yuko sahihi, mwalimu ndiye kakosea kusahihisha. Nilisema nini mimi?

TichaChaki
Modereta, bandiko hilo naomba lisifutwe.

Mama_Mbili
Mzee, aliyezidi ni Juma. Asha ana 5 🙈

MzeeWaKaunta
Nimelisoma tena. Limeandikwa vibaya. Na aliyelitunga bila shaka ni mwalimu.

FundiBaiskeli
Usione haya mzee, si wewe tu. Ufaransa, mji wa Grenoble, 1979 au 80 hivi, watafiti waliwauliza watoto wa msingi: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto walikuwa 97, na kama sikosei 76 walitoa jibu. 26 na 10, nahodha ana miaka 36! Shuleni wamezoeshwa kwamba swali la mwalimu halikosi jibu, na namba zilizomo zimewekwa zitumike.

Ngosha74
Hao mbuzi walikuwa wanapelekwa Oman?

Mama_Mbili
Na sisi tulichangia. 2012 darasa la saba walipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata hisabati ikawa ya kuchagua herufi. Kama kubahatisha kunalipa, mtoto asome fumbo la nini?

TichaChaki
Siku hizi yapo machache ya kuandika jibu mwenyewe. Lakini si uongo.

BabaNasra
Nimerudi. Nimemwita Nasra, nikamwambia kama KisimaMtwapa alivyosema: "Juma ana maembe nane, amemzidi Asha maembe matatu." Kasema tano, vidole hata hakugusa. Nikamuuliza, jana 11 uliitoa wapi? "Mwalimu alisema ukiona 'zaidi' jumlisha, ukiona 'baki' toa."

MzeeWaKaunta
TichaChaki upo?

TichaChaki
Nipo. Nasra simfundishi mimi, ila na wangu nawaambia hivyo hivyo. Kipindi dakika 40, watoto 96. Nikisubiri kila mmoja aone Asha kapungukiwa na nini, kengele inalia tuko kwenye embe la kwanza.

KisimaMtwapa
Sasa si uwaambie tu "amemzidi"? Neno moja, ticha.

TichaChaki
Mtihani unakuja na "zaidi ya". Nitaingia nao?

Ngosha74
Kaunta, na wewe hujasema. Ulipata divisheni ngapi?