"Basi umeng'aa": hivi huyu dada wa mashine ya kukaza uso hapa Tanga ni mzima kweli?

Mwana wa Makorora (mleta uzi)

Wakuu salaam, ila leo salaam zenyewe sina nyingi. Ni saa nne usiku, naandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia kitambaa cha maji ya mtungi shavuni. Shavu la kushoto. Mkiona herufi zimepishana, sababu ndiyo hiyo.

Jina simtaji. Wa Tanga mnamjua, wa nje ya Tanga mshukuruni Mungu. Yule yule mwenye koti jeupe kama bwana mifugo, kucha ndefu za kufungulia kopo la maziwa, kila kicheni pati yumo anagawa vikaratasi. Huyo huyo.

Jumamosi mdogo wangu anaolewa. Mimi ndiye dada mkubwa, picha zote nimo, na tangu mwaka jana mashavu yangu yameanza kuteremka kama pazia lililokatika kamba. Akanishika pembeni huyu mtu, akaniambia kuna mashine ya mawimbi ya redio. Haina sindano, haina kisu, inapeleka joto chini ya ngozi, ngozi inajikaza yenyewe. "Ukitoka kitandani kwangu, miaka kumi umeiacha." Laki na nusu. Zilikuwa za mahema na viti zile, Mungu anisamehe.

Basi leo asubuhi nimelala. Kanipaka jeli ya baridi, inateleza kama mlenda, kichwa cha mashine kikaanza kuzunguka shavu la kulia. Raha, nisiseme uongo. Kama mtu anakukanda kwa kikombe cha chai. Kufika kushoto, simu yake ikaita. AKAIPOKEA. Mkono mmoja simu, mkono mmoja uso wangu, na ule wa usoni kwangu umesimama. Hauzunguki tena, wakuu, umeweka kambi. Nikasema dada, moto. Akamwambia wa kwenye simu "subiri kidogo," kisha mimi akaniambia "vumilia bibi arusi." Bibi arusi ni mdogo wangu!

Akanifuta, akanipa kioo, akapokea pesa, kwaheri. Hakusema usifanye hiki wala kile. Mtu anayegawa vikaratasi mji mzima, mimi hakunipa hata kimoja cha kuniambia nikifika nyumbani nifanye nini na uso wangu.

Nami sikujua. Nimepanda baiskeli saa saba mchana, jua la Tanga mnalijua, mpaka nyumbani. Nimeinamia sufuria la pilau la majaribio, mvuke wote usoni. Nikaoga maji ya moto. Na kwa kuwa shangazi alikuwa anamsinga mwali, akasema njoo na wewe nikumalizie singo iliyobaki. Akanisugua. Mnamjua shangazi anavyosugua, utadhani anaondoa ukoko.

Kufika magharibi uso umewaka. Sisi weusi hatuwi wekundu jamani, tunakuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Na pale mashine ilipoweka kambi pametoka lengelenge kama punje ya kunde.

Nikapiga simu. Ya kwanza haikupokewa, ya pili haikupokewa. Ya tatu akapokea. Nikamsalimu vizuri, nikamweleza vizuri, nikauliza dada yangu, nipake nini? Anachonijibu:

"Si ulisema unataka kung'aa? Basi umeng'aa."

Akacheka. Na simu ameiweka spika, kwa sababu wakacheka wengi. Nimesikia kijiko kinagonga sahani. Watu wanakula! Kuna sauti ikauliza "nani huyo?" Yeye akajibu, na mimi namsikia, "Yule wa leo, wa mashavu."

Wa mashavu.

Nina watoto watatu, ni katibu wa kikoba, jina langu lina herufi kumi na moja. Wa mashavu! Lengelenge halijaniuma kama kile kijiko. Mtu hakuacha hata kutafuna. "Basi umeng'aa," kijiko kinagonga ng'a, ng'a, ng'a. Wallahi wali ule umkwame.

Nimeandika tu nitoe sumu. Umeng'aa!

Samaki Mkavu

Siti ya mbele. Uzi bila picha ya shavu ni tetesi.

Baiskeli Haina Breki

Mawimbi ya redio? Sasa linakamata Mombasa au Unguja? Hebu geukia upande wa Pangani tusikie taarifa ya habari.

Mbaazi za Jana

Laki na nusu ni mbuzi. Mbuzi mzima, anatembea, analia meee. Wewe umempa mtu mbuzi akupige pasi.

Mwana wa Makorora

Mbaazi, mbuzi asingeniambia nimeng'aa.

Mgeni Chumbageni

Waja leo waondoka leo. Huyu kaja na shavu, kaondoka bila.

Zamu ya Usiku

Dada, pole sana. Mimi ni muuguzi, si wa ngozi, ila habari za kuungua naziona kila wiki. Hebu nikueleze alichopaswa kukueleza yeye, maana hawa wanacheka tu.

Baada ya mashine ile, uso kuwa na joto na kuvimba kidogo kwa saa kadhaa, hata siku nzima, ni jambo la kawaida na linaondoka lenyewe. Lengelenge si la kawaida. Hilo ni kuungua. Kichwa cha mashine hakitakiwi kusimama mahali pamoja, ndiyo maana kinazungushwa, na jeli ikipungua ndivyo ngozi inavyoshika moto. Usilitoboe. Usipake dawa ya meno, manjano, wala asali ya jirani. Maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20 yangefaa mapema, barafu hapana. Kesho asubuhi uonwe na daktari, kwa sababu ni usoni na kwa sababu ngozi nyeusi ikiungua huacha doa la miezi.

Sehemu iliyobaki ya uso, siku hizi chache: usioge maji ya moto, usiinamie sufuria, usisugue kitu, krimu za kuchubua weka kabatini. Osha kwa maji yasiyo moto na sabuni laini, paka mafuta yasiyo na manukato, ukitoka juani jifunike mtandio na upake losheni ya kukinga jua, namba 30 kwenda juu.

Na nisamehe kwa hili: hata asingeipokea ile simu, Jumamosi usingekuwa umekazwa. Lile joto linaishtua ngozi ijenge kolajeni mpya, yaani protini inayoishikilia ngozi isilegee, na kujenga huko kunachukua wiki mpaka miezi. Watu wanarudi vikao kadhaa. Anayekwambia utaona siku hiyo hiyo, anakuonyesha uvimbe.

Mwana wa Makorora

Kwa hiyo nilipojiangalia kwenye kioo chake nikajiona nimejaa vizuri, ulikuwa uvimbe?

Zamu ya Usiku

Ulikuwa uvimbe, dada.

Mbaazi za Jana

Mbuzi kanunua uvimbe. Nalala.

Chungwa la Muheza

Mimi natetea singo. Singo haijawahi kumdhuru mtu, mabibi zetu wamesingwa kwa liwa na manjano na ngozi zao hadi kaburini laini. Shida ni kuchanganya. Ukienda kwa shangazi, nenda kwa shangazi. Ukienda kwa mashine, nenda kwa mashine. Huwezi kuwa na waume wawili kwenye shavu moja.

Zamu ya Usiku

Singo ngozi ikiwa nzima, sawa. Kaoka asubuhi, kasuguliwa alasiri. Hata andazi haliwezi.

Mwana wa Makorora

Mnajadili singo! Mimi nimeambiwa NIMENG'AA mtu ana wali mdomoni!

Kibarua wa Bandari

Dada Mashavu tulia, presha itapanda.

Mwana wa Makorora

Ukiniita hivyo tena nakuripoti kwa mods.

Samaki Mkavu

Nawasilisha ombi Dada Mashavu abadilishe jina la humu ndani. Wanaounga mkono?

Baiskeli Haina Breki

Naunga.

Mgeni Chumbageni

Naunga. Mjumbe wa pili.

Bi Mkonge

Nyie mnacheka lakini huyo mtu namjua. Alitaka kumlaza mama yangu pale, mama mwenye kifaa cha moyo kifuani! Hakuuliza una ugonjwa gani, una chuma mwilini, una mimba, hakuuliza chochote. Kauliza "unalipa taslimu au kwa simu." Ni mimi niliyesema mama inuka. Mashine ile na kifaa cha moyo havikai chumba kimoja. Nilipomwambia, akanijibu "basi nitapunguza moto." Kama jiko la mafuta ya taa.

Zamu ya Usiku

Subhanallah.

Mwana wa Makorora

Mnaona? MNAONA? Na hapo alikuwa hali.

Kibarua wa Bandari

Tuseme ukweli, afadhali shavu, litapona. Mimi nina kesi ya fundi cherehani. Nimempa kitambaa cha suti tangu mfungo wa sita. Kila nikienda "kesho alasiri." Juzi nimemkuta mtu amevaa suti ya kitambaa changu, anakunywa kahawa kwenye kijiwe, mkono mmoja mrefu mwingine mfupi. Nikamuuliza umepata wapi? Akasema amenunua kwa fundi, bei poa. Kapewa na punguzo kwa ajili ya ule mkono mfupi!

Bi Mkonge

Fundi gani? Yule wa miwani iliyofungwa kwa uzi?

Kibarua wa Bandari

Huyo huyo. Uzi mwekundu.

Bi Mkonge

Jamani. Alinishonea kijora, tundu la kichwa akaliweka ubavuni. Nikamrudishia, akaniambia "mama, hii ni fasheni, vaa kwa kuinama."

Chungwa la Muheza

Mafundi tuwaache, bei ya mahamri mmeiona? Na yamekuwa madogo, unameza kama kidonge.

Mbaazi za Jana

Nimeamka kwa ajili ya hili. Hamri la siku hizi lina hewa tupu ndani. Unauziwa upepo wa bahari umekaangwa.

Mgeni Chumbageni

Mahamri ya Mombasa bado makubwa.

Mbaazi za Jana

Huyu ni nani? Mods, mtoeni.

Baiskeli Haina Breki

Nami nina langu dogo. Fundi baiskeli kanifungia breki ya nyuma mbele na ya mbele nyuma. Jana nimesimama, baiskeli ikaendelea.

Samaki Mkavu

Jina lako lilikuwa unabii.

Mwana wa Makorora

Hamna huruma hata mmoja. Shangazi kaamka, kaniona na kitambaa, anataka kunipaka ute wa yai. Nimemwambia muuguzi wa mtandaoni kakataa. Anauliza huyo muuguzi ameolewa?

Zamu ya Usiku

Mwambie shikamoo shangazi, na asipake yai.

Mwana wa Makorora

Anasema marahaba, na hujajibu swali.

Kibarua wa Bandari

Turudi kwa fundi. Sasa ameanza kuchukua na sare za harusi, nasikia anashona za watu wengi wengi kwa mkupuo. Masikini hao.

Mwana wa Makorora

Ngoja.

Ngoja kwanza. Miwani ya uzi mwekundu? Kibandani kwake kuna redio iliyofunikwa kitambaa cha shumizi?

Bi Mkonge

Huyo huyo.

Mwana wa Makorora

Ana sare zetu. Sisi madada na mawifi, watu kumi na wanne. Kitambaa cha zambarau. Kasema kesho alasiri.

Kibarua wa Bandari

Kakwambia lini?

Mwana wa Makorora

Jumatatu ya wiki iliyopita.

Mbaazi za Jana

Zambarau? Leo jioni nimemwona mama mmoja Ngamiani na gauni la zambarau, mkono mmoja mfupi. Limempendeza lakini.

Mwana wa Makorora

Baiskeli iko wapi.

Zamu ya Usiku

Dada, ni saa sita usiku. Na kitambaa usikiondoe shavuni.

Baiskeli Haina Breki

Chukua yangu, iko nje haijafungwa. Ila ukifika kwa fundi ruka, usitegemee breki.

Samaki Mkavu

Nasogeza kiti.

Chungwa la Muheza

Kwani mahamri ya Mombasa shilingi ngapi? Nauliza tu.