Ulinganisho: kidani cha kioo cha bibi, yakuti ya maabara au tanzanaiti?

MjukuuWake
Salamu wadau. Bibi yangu aliniachia kidani cha mawe mekundu kumi na tisa. Maisha yake yote alikiita "yakuti zangu". Juzi nilikipeleka kwa sonara anitengenezee kifungo, akakitazama kwa lenzi na kuniambia ni kioo. Nililia pale pale dukani. Pesa haikuniuma, kilichoniuma ni kuwaza kwamba labda bibi alitapeliwa, au alitudanganya sisi wajukuu.

Sasa nina akiba kidogo na ninataka kitu cha kuvaa kila siku kwa kumkumbuka. Mimi ni mwalimu, mikono yangu iko kwenye chaki na maji kutwa nzima. Ninawaza mambo matatu: nitengeneze kidani nikivae kama kilivyo, ninunue pete ya yakuti iliyotengenezwa maabara, au nijibane nipate pete ya tanzanaiti, jiwe lililotoka ardhini. Mngechagua ipi?

FundiSonara
Pole sana mwanangu. Nimekaa kwenye meza ya usonara zaidi ya miaka thelathini, na machozi kama hayo nimeyaona mara nyingi.

Nianze na tanzanaiti. Ugumu wa mawe tunaupima kwa kipimo cha Mohs: almasi 10, yakuti 9, topazi 8, kwatzi 7. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi, kwa hiyo kila unapoifuta pete yenye vumbi unaikwaruza kwa kitu kigumu kuliko jiwe lenyewe. Tena ikigongwa vibaya hupasuka, na joto la ghafla hailiwezi. Kwenye hereni au kidani inadumu vizuri. Kwenye kidole cha mwalimu, kila siku, hapana.

Yakuti ya maabara ni jambo jingine. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini kwenye mwali wa moto mkali, ukadondoka na kuganda tone juu ya tone hadi jiwe likakua. Wekundu unatokana na kromi kidogo, sawasawa na kwenye yakuti ya ardhini. Kemia ni ile ile na ugumu ni ule ule, 9. Mtaalamu huitambua kwa mistari ya ukuaji iliyopinda, maana kwenye jiwe la asili mistari hiyo hunyooka. Mimi ningekushauri hiyo.

JiweLaArdhini
Fundi namheshimu, lakini sikubaliani naye. Jiwe la maabara unaweza kuliagiza kesho, na keshokutwa ukaagiza jingine kama lile. Tanzanaiti ilijulikana mwaka 1967 katika vilima vya Merelani, kaskazini mwa Tanzania, na hadi leo inachimbwa huko tu. Jina lenyewe ililipewa na kampuni ya vito ya Marekani, Tiffany & Co. mwaka 1968. Ukiigeuza mkononi, upande huu ni buluu, upande ule zambarau. Nikiwa na kitu kama hicho kidoleni ningekubali kukivua kabla ya kuosha mikono. Kumkumbuka mtu kunastahili usumbufu kidogo.

FundiSonara
Usumbufu sawa, ndugu yangu, mradi ajue anachonunua. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini na rangi ya kahawia, kisha huchomwa ndipo buluu ijitokeze. Huo si udanganyifu, ni kazi inayokubalika na rangi haichuji. Lakini moto wa binadamu umeshaigusa nayo.

MpenziWaStrass
Dada, mimi nimechelewa, ila nimeguswa na lile neno lako "kutapeliwa". Ninakusanya vito vya kioo, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Miaka ya 1730 alikuwepo Paris sonara mmoja, Georges Frédéric Strass. Alitengeneza kioo chenye madini ya risasi kwa wingi, akakichonga na kukisugua hadi kikameta kama almasi, na mwaka 1734 akawa sonara wa mfalme. Watu wa jumba la kifalme walivaa kazi zake huku wakijua ni kioo. Jina lake limebaki kwenye lugha kadhaa kuwa jina la vito vya aina hiyo. Mwaka 1892 Daniel Swarovski alibuni mashine ya kuchonga kioo, na kazi iliyokuwa ya mkono na ya polepole ikawezekana kwa wingi. Kisha miaka ya 1920 mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, Coco Chanel, akaanza kuchanganya lulu za kweli na za bandia shingoni mwake bila kuficha. Kuanzia hapo urembo wa kioo ukavaliwa kwa ajili ya urembo wenyewe, si kama badala ya kitu kingine.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, madini ya kawaida yalizuiwa Marekani kwa ajili ya silaha, kwa hiyo watengenezaji wakaweka vioo vyao kwenye madini ya fedha halisi. Na mwaka 1955, katika kesi ya Trifari, kampuni ya Marekani ya urembo wa aina hii, mahakama ya New York ilikubali kwamba urembo wa aina hiyo ni kazi ya sanaa inayolindwa na hakimiliki. Mimi huo uamuzi naupenda sana.

Hata kwenye mataji mambo ni hayo hayo. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, linaloitwa yakuti ya Black Prince, si yakuti bali ni spineli, jiwe jingine la ardhini. Kwa karne nyingi mawe hayo mawili yaliitwa kwa jina moja, na jiwe halijaondolewa.

Nakuomba kitu kimoja: geuza kidani utazame mgongo wa mawe. Kama ni kioo cha zamani, mara nyingi nyuma yake kuna utando wa metali unaorudisha mwanga. Maji yakiingia pale utando huwa mweusi na jiwe hufa, halimeti tena. Kwa hiyo usikioshe hata siku moja. Kitambaa kikavu tu.

NgoziNyepesi
Naongeza dogo. Urembo wa zamani mara nyingi una nikeli. Mimi shingo ilinitoka vipele wiki nzima. Kuna dawa ya kupimia: unasugua kwa pamba, ikigeuka waridi nikeli ipo. Pima kabla ya kuvaa.

MjukuuWake
Asanteni sana nyote. MpenziWaStrass, nimesoma maelezo yako mara tatu, nikaenda kukigeuza. Utando upo. Mawe kumi na saba yanang'aa, mawili yameingia weusi pembeni.

Nimekumbuka jambo. Tulipokuwa wadogo bibi alituruhusu kukishika, ila kulikuwa na sheria moja: maji yasikiguse. Akirudi kwenye sherehe alikifuta kwa kitambaa kikavu, jiwe moja moja, kisha akakifunga kwenye pamba. Dada yangu aliwahi kukichovya kwenye beseni na akachapwa siku hiyo. Nadhani yale mawili meusi ni yake. Yakuti haiogopi maji. Bibi alijua.

Kidani nitakitengeneza, nitakivaa siku kubwa. Kwa kila siku nitachukua pete ya yakuti ya maabara, nyekundu ile ile. Fundi, haya mawe mawili yanaweza kubadilishwa?

FundiSonara
Yanaweza. Pima upana wake kwa milimita, kuna wanaouza vioo vya zamani vyenye utando. Mwambie sonara akunjue kucha zinazoshikilia jiwe taratibu, na asitumie gundi ya haraka, hutoa ukungu mweupe na kuharibu kioo cha jirani. Ila mwanangu, hayo mawili ya dada yako, mimi ningeyaacha.