MREJESHO: Bomba la mchanga wa marudio lililokuwa likiziba

Asanteni wakuu. Niliuliza kwa nini bomba letu la HDPE (plastiki ngumu) la milimita 160, urefu mita 400, linalosukuma marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua madini) kwa maji, linaziba wakati pampu inatoa maji ya kutosha. Kosa lilikuwa ukubwa wa bomba.

Ndani lina milimita 141. Kwa lita 25 kwa sekunde (pipa la lita 200 linajaa kwa sekunde 8), mwendo ni mita 1.6 tu kwa sekunde. Mchanga wa milimita 0.3 kwenye bomba hilo unataka kama 2.1, la sivyo unalala chini, unajikusanya, mwisho unaziba.

Tumeweka la milimita 125, ndani 110. Mwendo sasa ni 2.6, na mwendo wa chini unaotakiwa ili mchanga usilale umeshuka hadi 1.9. Gharama yake ni msuguano: umepanda zaidi ya mara tatu, ikabidi kubadili puli ili pampu izunguke kasi zaidi. Kabla ya kufanya hivyo pimeni ampea za mota, msije mkaiunguza.

Uzito wa tope (mchanga na maji) tunaupima kwa chombo cha lita moja: kilo 1.25, bila chombo, ndiyo uzito wa juu kabisa tunaoruhusu. Hapo mchanga ni asilimia 15 ya ujazo.

Kuwasha: maji matupu kwanza. Kuzima: maji matupu dakika 5, maana mchanga hubaki nyuma ya maji. Umeme ukikatika ghafla, fungueni haraka valvu ya kutolea tope pale bomba liliposhuka, kabla mchanga haujashindiliana kwenye elbo (kona ya bomba).